UZI: Biashara ya familia ya Kibajuni, Lamu. Kurudisha kwa jamii kunaanzia kwenye mizani

BintiWaKusi (mwenye uzi)

Assalam aleikum wana jamvi.

Ramadhani ikikaribia hapa Amu, yaani Lamu, matajiri wa samaki hupigana vikumbo kununua tende na unga. Magunia yanapangwa mbele ya duka, mpiga picha anaitwa, na kufikia usiku picha zimejaa kwenye makundi ya WhatsApp: "Tumerudisha kwa jamii." Sina ubaya na tende, nimekula za watu tangu utotoni. Ila kuna jambo kwetu halisemwi hadharani. Wengi wanaopanga foleni kupokea lile gunia ni wavuvi ambao mwaka mzima samaki wao wamepimwa kwa mizani iliyochezewa, na anayewapa gunia ndiye mwenye mizani.

Nitaeleza sisi tulivyofanya, vuteni mkeka.

Sisi ni Wabajuni, watu wa visiwa na mwambao wa kuelekea mpaka wa Somalia. Babu alitoka kijiji kimoja upande wa Kiunga. Vita vya Shifta, vya serikali na waasi waliotaka kujiunga na Somalia, 1963 hadi 1967, vilipopamba moto, vijiji vya mwambao ule vilihamwa kimoja baada ya kingine. Watu wakakimbilia Faza, Kizingitini, hapa Amu, wengine wakafika Malindi na Mombasa. Minazi, visima na makaburi ya wazee viliachwa, na wengi hawakuvirudia tena. Babu aliingia Amu na mishipi, ndoano na ujuzi wa miamba. Hakuwa na shamba la kuweka rehani wala jamaa ofisini. Ndiyo maana familia kama zetu huanzia baharini, kwa sababu bahari haimuulizi mtu hatimiliki.

Kilichoulizwa ni kitambulisho. Kijana wa Kibajuni akienda kuchukua kitambulisho alikuwa akipelekwa mbele ya kamati ya uhakiki, alete cheti cha babu, alete shahidi, arudi wiki ijayo. Februari 2025 Rais alitia saini kule Wajir amri ya kuondoa uhakiki huo, nasi tunaangalia utekelezaji. Lakini hesabuni wenyewe miaka iliyopita: bila kitambulisho huna laini ya simu, huna M-Pesa, huna akaunti, huwezi kuandikisha hata jina la biashara. Mtu akija na mdomo mrefu kwamba Wabajuni hawapendi biashara rasmi, mwambieni asome hapo.

Sasa mizani.

Biashara ya samaki huku inaendeshwa na tajiri. Tajiri ndiye anayempa mvuvi nyavu, mafuta ya injini na barafu kwa mkopo. Mvuvi analipa kwa samaki, bei inapangwa na tajiri, na mizani ni ya tajiri. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, bahari ya nje haiingiliki kwa mashua ndogo, kwa hiyo mtu anakopa ili ale. Kaskazi ikiingia, bahari ikatulia, anavua kulipa deni la kusi. Ikifika Machi amemaliza deni au amekaribia, na kusi hiyo inarudi.

Juu ya hayo, njoo uone upimaji. Mshale wa mizani unaanzia nyuma ya sufuri. Kikapu hakitolewi uzito wake sawasawa. Kuna "kilo ya maji", yaani inakatwa kilo moja kwa kila kilo kumi eti samaki ana maji mwilini. Halafu kilo 7 na nusu inaandikwa 7. Tuseme mvuvi ameleta kilo 40 akakatwa 4, na kilo ni shilingi 300. Hiyo ni 1,200 kwa siku moja. Akienda baharini siku 20 kwa mwezi, ni 24,000. Gunia la futari bei gani?

Baba alipoacha uvuvi akawa mnunuzi, aliigeuza mizani uso wake ukamtazama mvuvi. Akaweka pembeni dumu la lita 20 lililojaa maji matamu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu ni kilo 20 na uzito wa dumu lenyewe, ambao alikuwa ameupima na kuuandika kwa rangi ubavuni. Mvuvi yeyote mwenye shaka alinyanyua dumu akalitundika kabla ya samaki wake. Hakuna hotuba wala semina. Kisheria mizani ya biashara inatakiwa kukaguliwa na kupigwa muhuri na mkaguzi wa vipimo kila mwaka, na yetu hupigwa, lakini muhuri anausoma aliyesoma. Dumu analielewa kila mtu.

Msidhani baba alikuwa walii. Alikuwa mkali wa pesa kupita kiasi, nyumbani tulihesabiwa hata viberiti. Alichojua ni kwamba mvuvi asiyeibiwa anakuletea samaki wa kwanza, wale wa alfajiri wenye macho maangavu, na wale waliolala jua kutwa anawapeleka kwingine. Samaki mzuri ndiye anayenunuliwa na hoteli. Kwa joto la huku unahitaji karibu kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na mvuvi anayekuamini huitia barafu kule kule baharini badala ya kuiuza njiani.

Naendelea baadaye, kuna mzigo unashuka.

NahodhaMstaafu

Binti, umeandika vizuri lakini umeandika ukiwa upande wa kivulini. Mimi nimekuwa tajiri wa samaki kabla hujazaliwa. Unampa mtu jarife jipya (wavu mkubwa) na injini, pesa yako mwenyewe imelala baharini, halafu usiku anapeleka samaki Mokowe kwa mtu aliyemuongeza shilingi 20. Ukimuuliza anakwambia leo bahari ilikuwa mbaya. Hiyo kilo ya maji unayoisema, wengi tulianza kuikata kufidia wanaotoroka. Mwenye friza tatu anaweza kuwa mwema. Mwenye boksi moja la barafu afanye nini?

Kolekole_wa_Malindi

Naweka kambi hapa. Dada endelea.

BintiWaKusi

Shikamoo mzee wangu. Umesema kweli na sitakubishia, wanaotoroka wapo na sisi wametutoroka. Lakini ile kilo ya maji inamkata hata asiyetoroka. Yaani mwaminifu ndiye anayemlipia mjanja deni. Baada ya muda mwaminifu naye anaona kumbe ujanja unalipa.

Sisi tuna vitabu vitatu, na hapa ndipo naona maduka mengi ya kwetu hufia, kwenye kuvichanganya.

Cha kwanza ni deni la kazi: nyavu, injini, mafuta. Lina bei iliyoandikwa, lina muda, mvuvi na sisi kila mmoja ana nakala na sahihi au dole gumba. Tunakata theluthi moja ya mauzo yake ya siku, hatuzidishi, hata akiwa amebakisha kidogo. Na akitaka kuuza kwingine ni ruhusa, mradi alete ile theluthi kwa pesa taslimu. Mzee, hilo la ruhusa ndilo lililopunguza utoro. Mtu anatoroka kwa sababu umemfunga.

Cha pili ni deni la shida: mgonjwa, karo, mazishi. Halina riba kwa sababu riba ni haramu, na halihusiani na samaki. Anayekopa karo haambiwi "basi samaki wako kwa bei yangu".

Cha tatu ni sadaka. Ikishatoka imetoka, na haiandikiwi jina la mtu. Ndugu akija dukani nusu analia nusu anacheka anataka "kitu kidogo", tunamuuliza hapo hapo: hili ni deni au ni sadaka? Wengine huudhika. Wengine husema deni na hulipa, wallahi. Tabu inakuja ukimpa mtu bila kusema ni nini, yeye akaenda akijua ni zawadi na wewe ukabaki ukijua ni mkopo.

Kuhusu mwenye boksi moja: vitabu vitatu ni daftari moja lililogawanywa mara tatu.

Na zaka iko nje ya yote haya. Zaka ni haki ya watu, 2.5% ya mali ya biashara ikifika nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolea zaka, na kupita mwaka wa Kiislamu: pesa taslimu, bidhaa zilizopo kwa bei ya kuuzia, na madeni unayotarajia kulipwa, ukitoa unachodaiwa. Mtu anayetoa zaka yake kisha akapiga picha kwamba "kampuni imesaidia jamii" amelipa deni akajisifia ukarimu.

Kolekole_wa_Malindi

Hilo la deni na sadaka limenigusa, kwetu Malindi tulikuwa na duka la vyombo vya uvuvi. Halikuuawa na madeni, lakini. Mzee alipofariki tulikaa kikao cha mirathi, kila mmoja anataka chake. Duka likauzwa bei ya kutupa, leo ni duka la simu. Nyinyi mlipitaje hapo?

BintiWaKusi

Pole sana. Hii ndiyo sehemu niliyotaka zaidi kuiandika, kwa sababu Pwani nzima inajua hadithi hiyo na hakuna anayejiandaa.

Kisheria sisi mirathi huamuliwa na mahakama ya Kadhi, Katiba kifungu cha 170. Fungu la mke mwenye watoto ni moja ya nane, kinachobaki watoto wanagawana, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja. Hesabu ni nyepesi kwa pesa. Sasa ligawe boti. Ligawe friza. Gawa jina ambalo mpishi wa hoteli analiita kwenye simu saa kumi na moja alfajiri. Ndiyo maana suluhu ya haraka huwa "tuuze", na anayesema tuuze mara nyingi ni yule anayeishi mbali na hajui barafu inanunuliwa wapi.

Baba, miaka michache kabla ya kufariki, aliigeuza biashara kuwa kampuni chini ya Sheria ya Makampuni ya 2015. Watu walimcheka, "mbona unajifanya Mombasa". Boti, friza, leseni na akaunti vikawa mali ya kampuni, na yeye akabaki na hisa. Alipoondoka, Kadhi aligawa hisa. Mamangu akapata fungu lake, kaka zangu yao, sisi yetu. Kesho yake mizani iliamka kama kawaida. Ndugu yangu mmoja alitaka pesa badala ya hisa, tukakubaliana bei na tukamlipa kwa awamu, hajakatiwa uhusiano na mtu, Idi tunakula pamoja.

Na wasia: mwenye mali anaruhusiwa kuusia hadi theluthi, na wasia hauendi kwa mrithi. Baba aliusia moja ya kumi ya hisa iwe wakfu, faida yake ilipe karo za watoto wa wavuvi na mafuta ya madrasa moja. Tulimuuliza kadhi kwanza, tukaandika, tukachagua wasimamizi ambao mmoja wao si wa familia. Huyo wa nje ana maudhi kweli kweli, anataka risiti ya kila kitu hata chaki. Lakini faida ikitangazwa, fungu la wakfu linatoka pamoja na yetu, kabla mimi sijaamua leo nimefurahi au nimenuna.

Mbaliko_Minnesota

Assalam aleikum kutoka kwenye theluji. Mimi pia ni wa huko visiwani. Huku Marekani biashara ya watu wa jamii ya wachache ina cheti kabisa. Wenyewe wawe na angalau 51% ya umiliki na wawe ndio wanaoiendesha. Serikali yao ilianzisha ofisi ya kusaidia biashara hizi tangu 1969, na makampuni makubwa yana watu wa kutafuta wauzaji wenye cheti hicho. Kenya sisi wachache tuna nini?

BintiWaKusi

Wa aleikum salaam ndugu yangu, vaa soksi.

Katiba ya 2010 kifungu cha 56 inaitaka serikali iwe na mipango kwa jamii za wachache na zilizotengwa, zipate nafasi maalumu za elimu na uchumi. Kuna Hazina ya Usawazishaji pia, kifungu cha 204, nusu asilimia ya mapato ya taifa kwa maeneo yaliyoachwa nyuma, na Lamu ilikuwa kwenye orodha ya kwanza ya kaunti 14. Hiyo ni ya maji, barabara, hospitali na umeme, haikufikii wewe mwenye duka mkononi.

Kinachomfikia mwenye duka ni AGPO, mpango wa zabuni za serikali. 30% ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Cheti hakilipiwi. Angalau 70% ya wamiliki wawe wa kundi hilo na uongozi wote uwe wao. Kama mnavyoona, "jamii ya wachache" haimo. Mbajuni anaingia kwa mlango wa ujana au wa uanamke, haingii kwa Ubajuni wake.

Na hapo mirathi ilitukuta tena! Kwa mafungu ya Kadhi, kaka zangu wana hisa nyingi kuliko sisi, kwa hiyo kampuni ya baba haifai kwa mlango wa wanawake. Mimi na dada zangu tukaandikisha nyingine ya kusambaza vyakula, tukaomba cheti, tukapata. Wako wanaume wanaoandikisha kampuni kwa jina la mke ambaye hajui hata akaunti iko benki gani. Huo ni uongo na mke ndiye atakayeulizwa na mamlaka ya kodi.

Tahadhari moja. Taasisi moja ya umma, jina nalihifadhi, ilichukua samaki wetu na ikakaa na pesa hadi kusi ikaingia ikatoka. Mvuvi huwezi kumwambia asubiri bajeti ya ziada. Tangu hapo tunauza huko robo ya mzigo tu, tusizidishe. Na msisahau kodi: tangu Julai 2023, mwenye mauzo kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka analipa 3% ya mauzo yenyewe, si ya faida. Kwenye samaki faida ya kilo ni nyembamba kama wembe, hiyo 3% iweke kwenye bei tangu mwanzo.

NahodhaMstaafu

Nimesoma yote. Hilo la theluthi nitalijaribu kwa vijana wangu wawili. Lakini sema pia upande wa pili. Nyinyi mmeshikwa mkono na nani? Isije ikaonekana jamii ni ya kupokea tu.

BintiWaKusi

Mzee, hapo umenikamata vizuri.

2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, amri ya kutotoka usiku iliwekwa Lamu nzima. Uvuvi wa usiku ukasimama na nusu ya mzigo wetu ukapotea. Barabara ya Garsen magari yalikwenda kwa msafara wa polisi. Ukichelewa msafara barafu inayeyukia Mokowe. Halafu 2020 corona, ndege zikasimama, hoteli za Shela zikafunga. Tulikuwa na friza zimejaa na hatuna hata shilingi ya mafuta. Wavuvi ndio waliotukopesha. Walileta samaki wakasema "andika". Wanawake wa mtaani wakawachukua kwa kukaanga, wakalipa jioni kidogo kidogo, na hiyo ndiyo iliyolipa umeme. Hakuna benki iliyotuuliza hali.

Na risiti zetu nazo zilirudi na jambo. 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi karibu 4,600 walioathiriwa na bandari mpya ya Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76. Mabishano ya nani ni mvuvi na nani si mvuvi mliyasikia. Mtu aliyekuwa na bahasha ya risiti zetu za miaka alikuwa na kitu cha kuweka mezani.

Mwana_wa_Mpeketoni

Swali la moja kwa moja, dada. Hiyo jamii mnayorudishia ni Wabajuni peke yao? Maana Amu kuna Waamu wenyewe, kuna Waorma, Wagiriama, Waboni, na sisi wa Mpeketoni tuliozaliwa hapa hapa.

BintiWaKusi

Swali la haki. Tulianza na wa kwetu kwa sababu ndio waliokuwa gatini. Wakfu wa karo umeandikwa "watoto wa wavuvi", haukuandikwa kabila, na kuna mtoto wa Kigiriama anayemaliza sekondari kwa fungu hilo. Unga na mboga za kampuni yetu ya pili tunachukua Mpeketoni, kwa mizani ile ile.

Lakini nikiri Waboni wamenifundisha kunyamaza ninapojiita mchache. Hao ni wachache hasa. Kuwinda kulipigwa marufuku Kenya 1977, na uwindaji ndio uliokuwa kazi yao. Hakuna aliyewauliza watakula nini. Asali yao ya msituni ni nzuri mno, na kwa miaka wachuuzi wamekuwa wakiichukua kwa kopo, kopo la mchuuzi, bila kupima. Sasa tunanunua kwa kilo. Dumu linawekwa na huko pia. Tunanunua kidogo, maana wateja wa asali si wengi, kwa hiyo sitajipigia zumari.

Kijana_Ngomeni

Dada mimi niko upande wa Malindi, nina shilingi 30,000 na ndugu wawili walio tayari kufanya kazi. Nianzie wapi? Ninunue friza?

BintiWaKusi

Friza acha. Umeme ukikatika siku mbili umepoteza mtaji wote. Nunua boksi kubwa la barafu lenye mfuniko mzito na mizani iliyopigwa muhuri, basi. Daftari usisahau. Anza na pweza na changu, vinauzika hata kwa mama wa kukaanga, usikimbilie kamba wa hoteli maana hoteli hulipa mwisho wa mwezi. Ndugu zako wape mshahara ulioandikwa, hata kama ni mdogo, na mkubaliane leo nani ana hisa ngapi, msingojee faida ije.

Kabla ya yote nenda kwa viongozi wa BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo wenu, ujitambulishe, watakueleza leseni ya mchuuzi wa samaki inachukuliwa ofisi gani na wa afya anataka nini. Nenda mapema, mashua za usiku hushusha alfajiri na saa mbili asubuhi viongozi wengi wameshatawanyika.